Meza ya Kifaransa Hadi Buffalo

Niliondoka Louisville kwa sababu ya meza. Duka la samani za kale ambako nilikuwa dereva lilikuwa limeuza meza ndogo ya Kifaransa kwa mteja wa Buffalo, nami niliomba niipeleke mwenyewe, maana njia hupitia Columbus anakoishi mama. Ilikuwa vuli ya mwaka 2015. Miguu ya meza hiyo ilikuwa ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu ilikuwa na kauri ya buluu iliyochorwa mabibi wenye maua. Tangu utoto wetu mama alitusimulia habari za meza ya namna hiyo, katika nyumba ya tajiri mmoja wa Bukavu ambako mama yake alikuwa mtumishi. Sisi watoto hatukumwamini.

Mchana nilifika kwake Whitehall, pembeni mwa Columbus. Mama alinipakulia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, lakini hakuniacha nimalize, alitaka kuiona ile meza. Nilifungua gari, nikaondoa blanketi. Alisimama pale maegeshoni, kitenge mabegani.

"Bon, si yenyewe," alisema. "Lakini inafanana. Twende wote."

Nilimweleza kuwa ni mwendo mrefu. Alikuwa amekwisha kwenda kuchukua koti.

Tulipita Cleveland. Ziwa Erie lilipotokea kushoto kwetu, aliligeukia, hakuacha kulitazama; Bukavu nako kuna ziwa.

Buffalo tulifika jua likizama. Mteja, mjane mzee wa mtaa wa Riverside, alitukaribisha chai. Tulipoiweka meza kando ya ukuta, mama alininong'oneza nimwombee ruhusa akae chini. Mjane alishangaa, akakubali. Mama akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza.

"Hapa chini ya meza njo nilikuwaka nakaa," alisema. "Mama anapiga pasi kule, mi naona miguu yake tu. Alinikatazaka kutoka, wenye nyumba wasinione."

Nilimtafsiria mjane. Alivuta kiti, akakaa nasi mpaka mama alipokuwa tayari kuinuka.

Tulilala kwa jamaa zetu wa West Side, mjini humo humo, asubuhi tukaanza kurudi. Miaka yote nilidhani mama anatamani dhahabu ya nyumba ile. Kumbe aliyemtamani ni mama yake, aliyepotezana naye vitani bila kuagana. Nikamwuliza bibi aliitwa nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

"Nabintu," alisema, kisha akaendelea kunisimulia njia nzima. Tulipofika Whitehall alikuwa bado hajamaliza. Nikalipita geti lake polepole, nikazunguka mtaa tena.