Kaka Yake Naye Alisomea Ualimu

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha nne, katika shule moja karibu na Nyamongo. Mimi natoka Tanga. Wanafunzi wangu waliongea Kikurya tangu wanaamka mpaka kengele ya kwanza, na ngeli ziliwashinda kabisa. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, nao wakanitazama tu.

Siku moja msichana wa dawati la nyuma akaomba chaki.

"Nyumbani tunasema omonto, abanto," aliwaambia wenzake. "Kiswahili kimepunguza tu pale mbele: mtu, watu. Hizi ngeli mmezinyonya kwa mama zenu."

Darasa likaguna, kisha likaanza kurushiana mifano kwa lugha zote mbili. Nilienda kukaa kwenye dawati lake nikasikiliza.

Kuanzia hapo nilimganda. Achague lugha, nilimwambia, asomee ualimu, arudi huku huku, maana mimi mgeni nisingeweza kufanya alichokifanya. Nilipozidi, akasema, "Madam, twende nyumbani ukamwone kaka."

Kwao ni Matongo. Tulimkuta kaka yake uani anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, kope zimejaa vumbi.

"Shikamoo, madam."

Ana shahada ya ualimu wa Kiswahili. Kila ajira zilipotangazwa aliomba, na kila mara akakosa.

"Baba aliuza ng'ombe nisome," alisema. "Sasa akiniita mwalimu, majirani wanacheka. Tafadhali, usilitaje neno hilo mbele ya mama."

Nilimwomba aje afundishe kipindi kimoja kwa kujitolea. Niliamini wakimwona mtu wa kwao ubaoni, watatamani. Mkuu wa shule alikubali, naye akaja na shati lililopigwa pasi. Alifundisha fasihi simulizi kwa vitendawili vya bibi yake, na darasa zima likawa linagombania kujibu. Dada yake alikuwa anatabasamu peke yake.

Mwishoni mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe unafundisha shule gani?"

Akachukua dasta, akafuta ubao polepole, hata palipokuwa safi.

"Sifundishi," alisema. "Naponda mawe."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Hakurudi tena. Wakati wa kuchagua masomo ya mbele ulipofika, msichana alichagua uuguzi. Nilimfuata nje ya darasa.

"Lakini Kiswahili unakipenda."

"Nakipenda, madam. Ila mama hawezi kuvumilia mwalimu mwingine wa kuponda mawe."

Bado niko shule ile. Mwaka huu nina mwingine, binti wa wafugaji kutoka Mbalibali, ambaye husahihisha sentensi zangu kwa adabu, na mara nyingi yeye ndiye aliye sahihi. Aliniuliza kama ualimu wa lugha ni kazi nzuri. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu imepita, na nikimwona anakuja upande wangu, napitia mlango wa jikoni.