Povu la Breki

Watu wengi harufu ya sabuni ya unga huwakumbusha shuka safi na sare za shule zilizoanikwa. Mimi hunikumbusha kuteremka mlima bila breki. Nikifungua paketi jikoni, unga ule unaponipanda puani, mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu wenyewe, na mume wangu, aliyeishi na jambo hili miaka mingi, huniambia kwa upole kwamba jikoni kwetu hakuna kona.

Hadithi yenyewe ni ya mama yangu. Mimi nimo ndani yake kwa sehemu ambayo kwa muda mrefu sikupenda kuisimulia.

Kwetu ni juu ya Kwa Sadala, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo kila safari ya sokoni huanza kwa kushuka. Baba alikuwa fundi wa malori katika shirika moja la umma. Shirika lilipofungwa, miaka ile ambayo kila kitu cha umma kilikuwa ama kinafungwa ama kinauzwa, alirudi nyumbani na sanduku la spana na pikapu kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Alipofariki, mimi nikiwa na miaka minane, sanduku na pikapu vikabaki kwa mama. Ukoo ulikubali kwa shingo upande. Mama akaendesha mwenyewe, akishusha mikungu ya ndizi sokoni pamoja na wanawake wenye mikungu yao, na humo ndimo yalimotoka madaftari yetu na viatu vyetu. Njiani watoto walikimbilia ukingoni kumwona mwanamke aliyeshika usukani, kama watu wanavyokimbilia kuona ndege ikitua.

Kilichowashangaza zaidi ni kwamba breki alizitengeneza kwa mikono yake. Miaka yote ya ndoa yao baba alihitaji mtu wa kumsaidia kutoa upepo kwenye breki. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini na kukanyaga pedali. Mwingine yuko chini, analegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, na mafuta ya breki yanachuruzika na viputo vya hewa mpaka hewa yote iishe. Mama ndiye aliyekuwa mguu. Lakini hakuwa mwanamke wa kuridhika kuwa mguu tu. Alishuka, akachungulia, akauliza. Baba alipoondoka, yeye akaingia chini ya gari, na mimi nikapanda kitini.

"Kanyaga," sauti ilitoka huko chini. "Shikilia. Achia."

Nilikuwa na miaka kumi, na kuifikia pedali ilinibidi niteleze mpaka ukingoni mwa kiti. Shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba gari letu haliwezi kusimama bila mimi. Kwa namna fulani ilikuwa kweli. Kwa namna nyingine zote yalikuwa majivuno.

Kila baada ya miezi michache mama alimwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya, hata kama hayakupungua tone. Majirani walicheka kwamba anabadilisha mafuta mazuri kwa mafuta mazuri. Yeye alikuwa na jibu lake: "Gari kuondoka ni hiari yako. Kusimama ni haki ya mwenzako."

Miongoni mwa waliocheka alikuwamo baba mdogo Ndekirwa, mdogo wake baba. Alikuwa mtu wa kupendeza, mcheshi, dereva hodari kwa ushuhuda wake mwenyewe, na aliamini kwamba pikapu ya marehemu kaka yake inamngoja yeye. Jumamosi moja ya likizo aliiazima kupeleka mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, harusini. Alirudi alasiri, akaegesha nyuma ya nyumba, akaniita kwa sauti ya chini nimletee jagi la maji ya sabuni.

"Ya kuoshea kioo," alisema.

Nikaleta yaliyokolea barabara, maana nilikuwa mtoto wa bidii. Akafungua boneti na kuyamimina taratibu kwenye kikopo cha mafuta ya breki.

Kikopo kile nilikijua kama jina langu. "Baba mdogo, hicho ni cha breki."

"Ndicho, fundi. Yamepungua kidogo njiani. Madereva wote wa safari ndefu wanafanya hivi. Mafuta yanateleza, sabuni inateleza, tofauti iko wapi?" Akafunga kifuniko, akajifuta mikono. "Mama yako usimsumbue, nitamletea mafuta yake. Wewe na mimi ni mafundi, Haika. Mafundi hawachongeani."

Hakunipa hata pipi. Aliniita fundi, ikatosha. Nimesoma hadi chuo kikuu tangu siku ile, nimesoma na vitabu vizima juu ya rushwa, na bado sijakutana na mtu aliyenunuliwa kwa urahisi kama mimi.

Jumatatu asubuhi mama alikitazama kikopo kama kawaida yake. Plastiki ilikuwa imefifia kwa uzee, kilichoonekana ni kwamba kimejaa hadi kwenye alama. Akafunga boneti. Nyuma walipanda Mama Ndeshi na mwenzake, wakajikalia juu ya mikungu yao, nasi tukaanza kushuka. Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba na barabara ilinukia udongo mbichi.

Kona ya kwanza breki zilishika. Ya pili zilishika, ila mama alikunja uso kidogo. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua chini yetu. Kabla ya kona ya tatu niliuona mguu wake ukishuka, ukashuka tena, ukagota sakafuni bila kukutana na kitu chochote.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto sana. Mafuta halisi huuvumilia. Maji huchemka, yakawa mvuke, na mvuke haubani kitu, unakanyaga hewa. Wakati ule sikujua haya. Nilijua jagi.

"Mama," nikasema, "baba mdogo Jumamosi—"

"Baadaye. Shika hapo mbele, mikono miwili."

Alisema kwa sauti ileile ya kuomba chumvi mezani. Akaingiza gia ya pili, injini ikalia. Akaingiza ya kwanza, ikapiga kelele kama mnyama. Breki ya mkono akaivuta kidogo, akaiachia, akaivuta tena. Honi hakuiacha. Mwendo ulipungua, lakini mlima ulikuwa mrefu kuliko pumzi ya injini, na chini tuliliona daraja jembamba limejaa watu waendao sokoni, kina mama wenye mikungu kichwani ambao hawakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa mtoni.

Kulia kulikuwa na ukingo. Kushoto kulikuwa na kihamba cha Mzee Lema, shamba la nyumbani kwake, kwanza kahawa, kisha migomba. Mama akaipita kahawa. Huwa nairudia sana sekunde ile. Mti wa kahawa ni mti kwelikweli, ungetuvunja. Mgomba ni maji yaliyosimama wima. Alingoja mpaka kahawa ikaisha, ndipo akakata usukani. Tukapasua uzio wa masale, mmea ule wa majani marefu tunaoupandia mipakani, tukaingia ndani. Mgomba wa kwanza ulilala, wa pili ukalala, na wa sita ukatupokea.

Injini ilizimika. Nikasikia maji ya mfereji yakipita, kama vile hakuna lililotokea duniani.

"Mama Haika," Mama Ndeshi aliita kutoka nyuma, akiwa chini ya ndizi zake, "sisi tungeshukia barabarani tu."

Mzee Lema alikuja na panga mkononi, alikuwa akipunguzia majani. Mama alishuka. Hakumwendea mzee moja kwa moja. Alirudi kwenye uzio alioubomoa, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee. Naomba unisamehe."

Kwetu jani hilo likiletwa kwa kuomba radhi, halikataliwi. Mzee Lema alilitazama jani, akautazama uzio, akaitazama migomba yake sita.

"Marahaba. Yaani unaniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe."

"La kwangu liko mlimani, Mzee, na gari halina breki."

Mzee alicheka mpaka akaweka panga chini.

Baba mdogo hakucheka. Jioni ileile habari ilikuwa imemfika babu, mkwe wake mama, ikiwa imevaa nguo mpya: kwamba mwanamke alichanganyikiwa mteremkoni, nusura aue mtoto wa marehemu. Kesho yake ukoo ungekaa palepale kwa Mzee Lema, gari lilipokuwa, kuamua pikapu iende kwa nani. Bila pikapu ile, mama angerudi kubeba mikungu kichwani.

Tukiwa njiani kwenda huko nilianza kulia. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, na mama akaweka kiganja chake juu yake, kiganja kilichonuka chuma.

"Leo huna mdomo," alisema. "Una mguu tu."

Niliumia sana. Niliona ananidharau, mimi fundi.

Wazee walikaa kwenye viti vilivyotolewa nje. Baba mdogo alizungumza vizuri, kama kawaida yake. "Nilisema tangu msibani. Gari si chungu cha mtori, shemeji, nakuheshimu. Lakini mwanamke akishtuka anasahau hata breki ziko wapi."

Baadhi walitikisa vichwa kukubali. Babu akashusha pumzi, akajiandaa kusema.

"Baba," mama alimwambia, "kabla hujasema, naomba nikuoneshe kitu. Haika, panda."

Nikapanda. Yeye akajilaza chini ya gari, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, mbele ya ukoo mzima, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Kanyaga. Shikilia."

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akitoka na kiganja amekikunja kama anayechota maji. Akasimama mbele ya babu, akakutanisha viganja, akaanza kuvisugua, polepole, kama mtu anayenawa kabla ya kula. Likatoka povu. Likaumuka kati ya vidole, jeupe lenye uchafu, likadondoka kwenye vumbi karibu na viatu vya babu.

"Nusa, Baba."

Babu akainama, akanusa. "Sabuni."

"Mafuta ya breki hayatoi povu, Baba. Hata uyasugue mpaka Pasaka."

Mzee Lema ndiye aliyesema wa kwanza. "Kumbe migomba yangu imefuliwa."

"Sikuuliza nani alikuwa na gari Jumamosi," mama alisema, "na leo pia siulizi."

Hakuhitaji kuuliza. "Madereva wote wanafanya hivyo," alisema baba mdogo, haraka kidogo, na neno lilipokwisha kumtoka akaona lilikotua. Wazee wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

Babu aliisogeza miguu yake mbali na povu. Kisha akasema, "Gari libaki kwa anayejua linavyosimama." Akaomba maji mama anawe.

Asubuhi iliyofuata baba mdogo alitufuata kwenye gari, kwa Mzee Lema, na jani la sale. Alikuwa amelifunga fundo vibaya, kwa haya nadhani. Mama alilipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyodai.

"Nimepokea, shemeji. Sasa ingia chini ya gari."

Wakafungua magurudumu yote manne. Raba za ndani ya breki zilikuwa zimevimba, nazo zikatupwa. Mabomba yakasafishwa mpaka yakatoa mafuta matupu. Chanzo chenyewe kilikuwa raba moja ya nyuma iliyovuja siku ya harusi, kitu ambacho mtu yeyote angekiona kama angeinama. Baba mdogo alitoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, mama akiwa amesimama juu yake na mikono kiunoni, mimi nikikanyaga. Miaka ya baadaye ni yeye aliyekuwa akiwafokea vijana wa stendi wakigusa sabuni, na alifoka kwa elimu kubwa, kana kwamba jambo hilo aligundua yeye. Mama alimwachia. Vijana haohao gari likianza kulegea mguuni walisema, "Lipeleke kwa Mama Haika," nami niliposikia hivyo nilirefuka kidogo, na hata leo bado narefuka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilipona kwa bahati, kwamba mama hakujua kuhusu jagi. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wangu wa miaka kumi na uongo wake mdogomdogo ambao naujua kabla hajaufungua, ndipo nilipoelewa. Nyumbani kwetu kufua ilikuwa kazi yangu. Mama aliikuta paketi ya sabuni imeshuka hadi nusu katika siku ambayo hakukufuliwa kitu. Na nilikuwa nimeanza kusema mteremkoni, nikataja jina na siku. Alijua yote kabla hatujafika kwa Mzee Lema.

Alijua pia kwamba ningesema, wazee wangeuliza swali linalofuata, maji hayo yaliletwa na nani, na ningejibu mbele yao wote. Ningekuwa mtoto aliyemchongea baba yake mdogo, na mtoto aliyetia mkono katika kutaka kumuua mama yake, vyote kwa siku moja, na kijiji kina kumbukumbu ndefu. Pikapu ilikuwa karibu kumponyoka, na shahidi pekee alikuwa ameketi pembeni yake anatamani kusema. Akamziba mdomo, akalala chini vumbini na kitenge cha kanisani, akatafuta ushahidi ambao haukuhitaji mdomo wa mtoto.