Jua Liko Usoni au Mgongoni?

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha simu za dharura mjini Busia, nilikuta simu ndogo ya mkononi imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Huo ndio uliokuwa mfumo mzima. Aliyeipokea alikuwa Msimamizi wa Zamu, Mama Nekesa, na kando yake lilikuwa daftari la alama za mahali: mashine ya kusaga pale Khunyangu, kanisa lisilo na paa kule Namboboto, ghala la samaki Port Victoria.

"Mama, nani anahakikisha haya?" nikamuuliza.

"Wewe ni wa chuo?"

"Ndiyo."

"Basi keti. Simu ikilia tutahakikisha pamoja."

Wenzangu hucheka nikisema nimestaafu, maana mkataba wangu wa miaka mitatu umeisha kabla sijafika thelathini. Lakini ninyi mnaoingia sasa mmezikuta skrini zikiwaka, na ni vizuri mjue kilichokaribia kutokea zilipokuja.

Zililetwa na Mratibu wa Dharura, mtu wa kuvaa tai hata kwenye joto la Februari. Simu ikiingia, kompyuta hufungua kadi ya tukio, yaani ukurasa wa saa, namba, shida na mahali. Mahali hujazwa na mfumo wenyewe, kwa kuangalia ni mnara gani umeibeba simu ile. Kisha kadi huenda kwa dereva wa ambulensi aliye karibu. Simu ikitoka nje ya eneo letu, huhamishiwa kwa wenzetu wa Uganda na kadi hufungwa.

"Kuanzia leo hakuna kukisia," Mratibu alisema akilitazama daftari la Mama. Nilipiga makofi. Nilikuwa nahoji kila kitu ofisini isipokuwa ile ramani, kwa sababu ilifanana na mambo niliyosomea.

Wiki chache baadaye, alasiri, mwanamume alipiga simu akihema.

"Boss, bibi yangu amejifungua hapa nyumbani, karibu na mto Malaba. Damu haikatiki!"

Skrini ilionyesha Uganda.

"Mzee, uko Uganda. Nakuhamishia kwa wenzetu."

"Uganda? Kwani nyumba yangu imehama? Niko Kenya, boss!"

Nilidhani anadanganya ili apate ambulensi yetu. Watu wa mpakani hutumia upande wowote ulio rahisi. Hata mimi sukari nilinunua ng'ambo. Nikabonyeza. Kadi ikafungwa.

Haukupita muda, namba ileile ikarudi. Wenzetu wa Uganda walikuwa wamemwambia kwamba kijiji anachokitaja si chao. Mama Nekesa akanivua vipokea sauti kichwani.

"Baba, jina lako?"

"Emojong."

"Emojong, toka nje, utazame mto. Jua liko usoni ama mgongoni?"

"Mama, bibi yangu anakufa, wewe unaniuliza jua?"

"Usoni ama mgongoni?"

"Usoni! Linanichoma macho!"

Mama akanigeukia. "Uganda iko machweo, ng'ambo ya mto. Anautazama kutoka upande huu. Huyu ni wetu."

Mnara wa ng'ambo ndio uliokuwa na nguvu pale bondeni, ukaivuta simu yake. Nikajaribu kuifungua kadi tena. Mfumo ukakataa: nje ya eneo. Mama hakungoja. Akaivuta ile simu ya uzi, akampigia Wandera, dereva wetu wa Malaba.

"Usiingie kwenye foleni ya malori. Pita nyuma ya soko, uteremke mtoni, kwa Emojong."

Kisha akarudi kwa Emojong. "Sugua tumbo lake chini ya kitovu, kwa nguvu, mpaka liwe gumu. Mtoto awekwe titini. Usiache kusugua."

Mimi nilibaki nimeshika kiti. Niliwaza kwamba mke wa Emojong akifa, sitakuwa na la kueleza ila kitufe kimoja nilichobonyeza.

Hatimaye Wandera akapiga kutoka hospitalini. "Ameongezwa damu. Ameamka, anauliza kama kuna chai."

Mama Nekesa alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani, nikashukuru.

Niliandika ripoti bila kujificha. Mratibu aliisoma mara mbili.

"Unataka tuweke jua kwenye kompyuta?"

"Ndiyo, mkuu. Na kitufe cha kuifungua kadi iliyofungwa."

Akalegeza tai. "Weka."

Bado nilikuwa na swali. "Mama, mawingu yakitanda?"

"Unauliza maji yanaelekea mkono gani. Wewe maswali yako hayaishi!"

Hilo nalo tuliliweka.

Siku yangu ya mwisho, alasiri, simu iliingia. Skrini ikaonyesha Uganda.

"Boss, ni Emojong. Mtoto ametembea leo! Ametoka mlangoni mpaka kwa mbuzi!"

"Emojong!" Mama Nekesa akafoka kutoka meza ya pili. "Laini hii si ya salamu!"

"Samahani, mama. Lakini jua liko usoni!"

Nikakifuta kile ilichojaza kompyuta, nikaandika: Kenya, wote wazima. Nikaifunga kadi kwa mkono wangu, nikavua vipokea sauti.