Simu Iliyolia Katikati ya Kola

Jumanne, tarehe kumi na nane Machi. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo watu walipokuwa wakienda kazini, kisha ikarudi na hasira zake zote. Kufikia saa nne bati la chumba cha mafundi lilikuwa likinguruma hivi kwamba mtu akitaka mkasi anaunyooshea kidole badala ya kuuomba.

Chumba chenyewe ni kirefu na chembamba, kina vyerehani vitano vilivyopangwa ubavuni mwa ukuta, meza ya pasi kule mwisho, na mlango mmoja unaofungukia uchochoroni. Hushonwa humo mashati ya shule, na kila fundi ana kipande chake. Mmoja anaunga mabega, mwingine mikono, mwingine mifuko. Mama Pacha anatoboa matundu ya vifungo. Kola ni za mwanamke mmoja tu, anayekaa kwenye cherehani cha pili kutoka mlangoni, na jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Chumbani, dukani kwa muuza vitambaa, hata kwa walimu wakuu wanaokuja kukagua sare, anaitwa Dada Kola.

Ana haki ya jina hilo. Shati likifuliwa mwaka mzima na mtoto asiye na huruma, mikono itachakaa, mfuko utaning'inia, lakini kola ya Dada Kola itakuwa imekaa shingoni kama siku ya kwanza. Siri yake, akiulizwa, ni kwamba hasimami njiani. Sindano ikishaingia kwenye ncha ya kwanza haitulii mpaka imezunguka na kutoka upande wa pili, kwa sababu mshono uliosimama na kuanza tena huacha kidonda, na pasi haiwezi kukificha.

Kutokana na hilo chumba kilijiwekea desturi. Simu ya fundi aliye katikati ya mshono hupokelewa na jirani yake. Kama ni mteja, jirani anamwambia asubiri. Kama ni ile sauti ya mashine, yule mwanamke asiyeishiwa pumzi anayetangaza bahati nasibu na nyimbo za miito, jirani anakata na kuirudisha mahali pake, wala hasemi kitu. Jirani wa Dada Kola ni Mama Pacha, na hakuna aliyekuwa mwepesi wa kukata kama yeye. Alijivunia. Alisema mwenzake anashona kola za watoto wa watu, hawezi kusumbuliwa na matapeli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Pacha hakulijua. Dada Kola alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamshonea sare kwa mabaki ya vitambaa na kumsomesha mpaka akaajiriwa kutunza stoo ya gereji. Huko kijana aliuza vipuri vya tajiri wake. Alikamatwa, akakiri, akafungwa. Dada Kola hakumtetea, kwani kosa lilikuwa kosa. Lakini chumbani alipoulizwa mbona yule kijana haonekani tena, ulimi ukamponyoka, akasema amekwenda migodini.

Uongo huo ukaota mizizi. Mama Pacha aliugeuza wimbo: kila mwisho wa mwezi alimuuliza kama yule bwana mdogo wa migodini bado hajamletea dada yake hata kokoto. Mafundi walicheka, na Dada Kola alicheka nao, akainamia kitambaa.

Kisha kijana akahamishiwa gereza la mbali, na kimya kikatanda. Dada Kola alisubiri, akajipa moyo, akasubiri tena. Wiki moja kabla ya Jumanne hiyo alifunga safari kwenda kumwona. Alikaa kwenye benchi la wageni na mfuko wa sabuni mapajani, akaona wenzake wakiitwa mmoja mmoja. Yeye alirudishiwa ujumbe tu. Mdogo wake hataki kutoka. Amesema dada arudi kazini kwake.

Aliyemwokoa na aibu ya kulia mbele za watu ni afande mmoja mwanamke wa ofisi ya ustawi, aliyemwita pembeni na kumweleza. Gereza lilikuwa limeanza kuwaruhusu wafungwa kupiga simu nyumbani. Namba ya Dada Kola iliandikishwa tangu mwanzo, kwani mdogo wake hakutaja nyingine. Simu zikapigwa kila zamu yake ilipofika, na kila mara zilipokelewa, zikasikilizwa kidogo, zikakatwa. Utaratibu unasema namba inayokataa hivyo mara kwa mara inaondolewa. Kijana aliambiwa, akaenda kukaa kimya kwenye kona yake.

Dada Kola alishika kichwa. Alijua papo hapo ni mkono wa nani uliokata.

Afande alimpa njia ya kurekebisha mambo, tena taratibu, kama anayemfundisha mtu kutia uzi kwenye sindano. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la mume wala la jirani. Aache nakala ya kitambulisho. Ndani ya siku chache ofisi itampigia kuhakiki: ataulizwa yeye ni nani kwa mfungwa na kama anakubali kupokea, na ajibu kwa mdomo wake. Simu hiyo ya uhakiki hupigwa mara moja. Isipopokelewa, au akisitasita, ombi linafungwa mpaka awamu nyingine, na awamu nyingine hakuna ajuaye itakuwa lini. Akishakubaliwa, simu za mdogo wake zitaanza na sauti ya mashine. Asikate. Asikilize mpaka mwisho, abonyeze moja, ndipo ataunganishwa.

Basi Dada Kola alirudi kazini akiwa na siri mbili badala ya moja. Kumwambia Mama Pacha aache kukata simu kulimaanisha kumweleza sababu, na kueleza sababu kulimaanisha kubomoa migodi yote. Akanyamaza. Akawa anaficha simu kwenye mfuko wa aproni, na inapotetemeka anatoka nayo uchochoroni kama mtu anayedaiwa.

Jumanne hiyo aproni ilikuwa imelowa njiani, na kwa ngurumo ile ya bati asingesikia mlio hata simu ingekuwa sikioni. Akaiweka mezani, karibu kabisa na sindano, ili aone taa yake ikiwaka. Akachukua kola ya shati jeupe, akaingiza ncha ya kwanza, akakanyaga.

Taa ikawaka alipokuwa nusu ya mzunguko. Mkono wa Mama Pacha ukaja wenyewe, kama ulivyozoea, kidole gumba kikielekea kwenye kitufe chekundu.

"Mama Pacha, usikate."

Akainua mguu. Sindano ikasimama ndani ya kola. Mama Pacha alibaki na simu hewani, si kwa kuambiwa asikate, bali kwa kuona alichokuwa hajawahi kukiona tangu waanze kukaa jirani: kola ya yule mwanamke imesimama njiani.

Dada Kola aliipokea na kukimbilia mlangoni. Uchochoro ulikuwa umegeuka mfereji, na mvua iliingia ndani ya kizingiti. Hakukuwa na pa kwenda. Akasimama pale pale, mgongo kwa wenzake, kidole kwenye sikio la pili. Alikuwa yule afande. Aliuliza jina, akauliza namba ya kitambulisho, akauliza mfungwa huyu ni nani kwake. Dada Kola alijibu chini chini. Afande hakusikia. Alijibu tena, na tena vyerehani na bati vikameza maneno. Afande akamwambia, bila ukali, kwamba asiposikia jibu atalazimika kuandika kuwa mpokeaji hakukubali.

Hapo Dada Kola aligeuka, akaangalia chumba kizima, akavuta pumzi.

"Ni mdogo wangu," alisema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu amkemee kijana huyo huyo asiparamie ukuta wa shule. "Tumbo moja. Nimemlea mimi. Yuko gerezani kwenu, na simu zake nazikubali, zote."

Cherehani cha mikono kilinyamaza, kikafuata cha mabega, kisha cha mifuko. Ilibaki mvua peke yake. Afande alisema hiyo ameisikia vizuri sana, kwamba saa tisa mdogo wake atapiga, na kwamba yule wa mashine asikatwe tafadhali.

Dada Kola alirudi kukaa, akasema saa tisa mdogo wake atapiga, na simu itaanza na sauti ya mashine. Hakuna aliyemwangalia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuangaliwa. Mama Pacha ndiye aliyefungua mdomo, na safari hii hakuwa na wimbo. Aliuliza kama yule mwanamke wa mashine, anayeanza kwa kusema una simu kutoka, ndiye huyo. Alipoitikiwa kwa kichwa, alijishika shavu.

"Mimi sikumngoja amalize, dada. Nilidhani bahati nasibu. Nimekukatia ndugu yako kwa mkono huu."

"Ulikata kwa sababu nilikuwa katikati ya kola. Na migodi nilikudanganya mimi."

Mama Pacha alifikiri kidogo. "Ndiyo maana hakuleta hata kokoto."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Pasi, kwenye meza yake ya pasi kule mwisho, mtu anayecheka mara chache kama mwezi mchanga. Kicheko kikapita kutoka cherehani hadi cherehani, kikamfikia Dada Kola, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kipande cha shati jeupe. Mzee Pasi akatangaza, bila kuuliza maoni ya mtu, kwamba ikifika saa tisa miguu yote iwe juu, na atakayekanyaga cherehani atapigwa pasi yeye mwenyewe.

Saa tisa mvua ilikuwa imebaki matone. Vyerehani vilikuwa kimya, mafundi wameinua miguu kutoka kwenye vikanyagio kama watoto waliokaa kwenye ukuta mrefu. Simu ikalia, Dada Kola akaipokea kwa spika. Mwanamke wa mashine akaanza, na chumba kizima kikamsikiliza kwa heshima ambayo hajawahi kuipata popote: una simu kutoka kwa mfungwa, mazungumzo haya yanarekodiwa, kama unakubali bonyeza moja. Dada Kola alibonyeza, kidole kikateleza. Alikuwa bado amevaa kastabini, kile kikofia cha bati cha kukinga kidole na sindano. Aliing'oa kwa meno, akabonyeza tena.

Kwanza ilisikika pumzi tu.

"Dada."

"Nipo."

"Nilijua umenichoka."

"Nimekuchoka tangu ulipokuwa darasa la kwanza, na bado nipo. Sema."

Dada Kola akamweleza habari za kukatwa kwa simu, za desturi ya jirani na za kola zisizosimama, na upande wa pili kijana akacheka kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha muda mrefu. Kisha akasema ana jambo, lakini asichekwe. Wamempanga karakana ya ushonaji. Yeye, aliyekuwa akisema kushona ni kazi ya kukaa, sasa anakaa kutwa. Wamemjaribu kila mahali, na mwalimu wao amesema mkono wake unafaa kola.

Dada Kola aliigusa ile kola iliyosimama chini ya sindano.

"Nimewaambia mimi ni mdogo wake Dada Kola," kijana aliendelea. "Hawakujui hata kidogo. Lakini nimewaambia wote, na wengine wameshachoka kusikia."

Maneno hayo yalimwingia pole pole. Wakati yeye akimficha migodini, mwenzake alikuwa akimtangaza ukuta hadi ukuta. Alihisi uso ukipata moto, kisha kifua kikamjaa kitu ambacho hakikuwa aibu hata kidogo, akakaa wima kama anayepigwa picha.

Kijana alikuwa na swali, tena la haraka, maana muda ni mfupi. Ncha za kola zake zinatoka nene, zimevimba. Dada Kola akauliza anakata vipi kipande cha chini. Sawa sawa na cha juu, akajibiwa. Mafundi wote waliguna kwa pamoja. Akamwambia cha chini kiwe kidogo kuliko cha juu, tofauti ya unene wa uzi tu, ili mshono ujivute chini na kujificha. Pembeni apunguze kitambaa kabla ya kugeuza, na asisukume ncha kwa mkasi, atatoboa. Atumie kijiti butu. Mzee Pasi akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kutoka kule mwisho kwamba apige pasi kabla ya kugeuza, si baada. Mama Pacha akamkanya kwamba simu inarekodiwa na ni ya mtu mmoja. Mzee Pasi akasema kama inarekodiwa ndiyo vizuri zaidi, hata afande anayesikiliza atajua kupiga pasi.

"Nani hao?" kijana aliuliza.

"Wenzangu. Wanakujua wewe ni nani."

Kijana alianza kujibu. Kabla hajamaliza neno la kwanza, simu ilijikata yenyewe, muda wake umekwisha. Dada Kola aliiweka mezani, akavaa kastabini yake. Mafundi wakashusha miguu.

Asubuhi iliyofuata, anga ikiwa safi na uchochoro bado una madimbwi, alifika kabla ya wengine. Akachukua ile kola nyeupe iliyosimama njiani, akaifumua mshono wote mpaka mwanzo, akaipiga pasi, akaishona upya mzunguko mmoja bila kuinua mguu. Halafu akaichukua simu, akaongeza mlio mpaka mwisho, akaiweka upande wa Mama Pacha, kioo kikiangalia juu.