Poda Mbili na Mkebe wa Mama

Mwaka ule tulikuwa na dawa moja ya presha yenye sura mbili, na mimi nilikuwa nimeshachagua moyoni. Ile ya kwanza niliitoa kwa mikono yangu katika maabara yetu ndogo ya Njoro: poda nyeupe inayometameta, ukiitia majini imeyeyuka kabla hujapepesa macho. Ya pili ilikuwa dawa ile ile, ila chembe zake zimejipanga vingine. Butu, nzito, inayeyuka hadi unachoka kuingoja. Mkubwa wangu alitaka jibu Jumatatu, tuendelee na ipi, kwa sababu hatungeweza kuzilea zote mbili.

Ya kwangu ilikuwa na tabia moja mbaya: ilinyonya unyevu wa hewani. Nikajiambia, aah, si tutaifunga vizuri kwa paketi? Shida iko wapi?

Jumamosi nikaenda kumwona mama kule Longonot. Alikuwa anapika chai, mara akashika ukuta. Kizunguzungu.

"Mama, dawa za presha unameza kweli?"

"Nameza, wewe! Kwani unanionaje?"

Akanionyesha. Kumbe kila akitoka kliniki hupasua paketi zote siku hiyo hiyo na kumimina vidonge kwa mkebe mmoja, ndio visipotee. Mkebe hukaa kwenye rafu juu ya jiko, na maziwa yakichemka mvuke wote unapanda huko. Niliufungua. Vidonge vilikuwa vimelainika vikashikana, vingine vimekuwa unga unaonata. Mama alikuwa akichota kwa ncha ya kijiko, kwa kukadiria tu.

Nilimfokea. Mimi, mtu mzima na digrii zangu, nikamfokea mamangu jikoni mwake.

"Wacha kelele," akasema. "Hapa kila mtu anaweka hivyo. Na wewe ndiye msomi wa dawa, umewahi kuniuliza?"

Woi, iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamkumbatia, nikaomba msamaha huku nalia kama mtoto.

Tulienda kliniki mchana huo, akapewa dawa nyingine. Tukirudi polepole nikamweleza habari ya poda zangu mbili, na kwamba Jumatatu nitaitetea ile butu, kwa sababu mvuke hauiwezi. Huo uvivu wake tutaupunguza kwa kuisaga laini zaidi. Akafurahi sana, akanishika mkono.

"Sasa hiyo ndiyo yangu. Nitaanza kuimeza lini?"

Sikutaka kumdanganya. "Ikipita majaribio yote, Mama, labda miaka kumi na mitano."

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Akanifinya kiganja.

"Basi si yangu," akasema. "Lakini itengeneze vizuri tu. Ni ya mama ya mtu."