Moyo wa Cheche Ndani ya Kompyuta

Tangu dada yake mkubwa alipoanguka na kufa, simu ilipolia ghafla karibu na sikio lake, Cheche hakutulia. Jina hilo alipewa mtaani kwa kazi yake ya kuchomelea mageti, lakini sasa lilimkaa vizuri zaidi: anaanza geti, analiacha, anarukia kuchomelea dirisha. Mkewe akimwambia, "Baba Pacha, kaa ule," anajibu, "Si nakula?" huku ameshafika mlangoni.

Hospitali iliwaita ndugu wote wapimwe. Cheche akakutwa na tatizo lilelile la kurithi: moyo wake ulichelewa kujiweka sawa baada ya kila pigo, na kelele ya ghafla tu ingeweza kuuvuruga. Daktari akataja njia mbili. Vidonge peke yake, au vidonge pamoja na kifaa cha kupandikizwa kifuani, cha kuushtua moyo ukipotea njia.

"Na kuchomelea?"

"Ukiwekewa kifaa, kuchomelea usahau. Umeme wa mashine yako unaweza kukichanganya."

"Sasa nitakuwa nani mimi?"

Daktari akampeleka kwa mtafiti, binti wa miwani aliyefanya kazi kwenye chumba chenye joto, kompyuta zikivuma. Kwa picha za moyo wake, mchoro wa mapigo na majibu ya vinasaba, binti yule alianza kuunda moyo wa Cheche ndani ya kompyuta. Kazi hiyo ilichukua majuma. Cheche akawa haishi kuchungulia pale mlangoni. "Nilikuwa napita tu," alikuwa akisema, ingawa njia yake haikupita huko hata kidogo.

Hatimaye aliitwa. Kwenye kioo cha kompyuta moyo ulikuwa ukidunda, rangi zikitambaa juu yake toka juu hadi chini.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, baba, kwa kadiri tunavyoweza kujua. Tuanze bila dawa."

Binti akaupa mshtuko, kama ule wa kelele ya ghafla. Rangi zikakatika, zikaanza kuzunguka ovyo. Cheche aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka. Aliyemwona pale alikuwa dada yake.

"Zima! Zima, mwanangu!"

Binti akazima, akamletea maji, akakiinua kiti. Kisha akauwekea moyo dawa na kuushtua tena. Uliyumba, ukarudi.

"Nimeujaribu mara nyingi sana hivi. Karibu mara zote umerudi."

"Karibu?"

"Siwezi kukudanganya, baba. Hii inamsaidia daktari kuamua. Ya kesho haiyaoni." Akasita. "Na watoto, wamepimwa?"

Cheche akatazama dirisha. Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia siku zote.

Daktari aliamua vidonge vitoshe kwa sasa, na awe anapimwa mara kwa mara. Cheche alifika nyumbani na habari njema, lakini akashindwa kuzitoa. Alizunguka meza mpaka mkewe akamshika shati.

"Sema."

"Tuwapeleke pacha wakapimwe."

"Nilikuwa nakusubiri wewe tu," mkewe akasema, akaanza kulia.

Mvulana alikutwa mzima. Pacha mwenzake, msichana, alikuwa na tatizo lile.

Siku hizi Cheche na bintiye humeza vidonge pamoja asubuhi, wakikunjiana nyuso kwa uchungu wake. Simu zote za nyumbani hazilii, zinatetemeka tu. Bintiye ameshaanza kupigwa picha ili naye aundiwe moyo wake, na mtafiti amemwomba Cheche asije kila siku. Anajitahidi. Jana alifika mpaka geti la hospitali, akageuka.