Kipande cha Mkono wa Ndila

Orodha ya vipande vya mtihani ilifika Jumanne moja ya Februari mwaka wa 1992, ndani ya bahasha ya kaki iliyokuwa imeshapasuka pembeni. Mwalimu Nthenya aliifungua palepale kwenye korido, chaki bado iko mkononi. Akapita sehemu ya kuimba, akapita filimbi, akapita gitaa, mpaka macho yake yakatua kwenye neno ambalo kwa miaka kumi na sita ya kufundisha muziki hakuwahi kuwa na haja ya kulisoma: piano. Chini yake kulikuwa na majina ya vipande vitatu. Mtahiniwa achague kimoja.

"Vitatu!" alisema kwa sauti, na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akipita na ndoo akageuka akidhani ameitwa.

Shule hiyo ya wasichana, iliyo kwenye vilima vya Nunguni, haikuwahi kuwa na mtahiniwa wa piano, kwa sababu mpaka juzi juzi haikuwahi kuwa na piano. Ile iliyokuwa nayo sasa ilipanda huko mwaka wa 1989 kwa lori, imefungwa blanketi na kamba, kutoka Kibwezi, ambako mjane mmoja Mzungu wa shamba la katani alikuwa anafunga nyumba arudi kwao. Aliliachia kanisa, na kanisa likaipeleka shuleni. Wanaume wanane waliishusha, na wasichana wote wakatoka madarasani wakaimba kana kwamba wanapokea bibi harusi.

Siku ile Ndila Kiema alikuwa kidato cha kwanza. Wenzake waligusa vibao vyeupe, wakacheka, wakaenda zao. Yeye alibaki. Aligusa kibao cha mwisho kabisa upande wa kushoto, akainamisha kichwa akisikiliza ule mngurumo mpaka ukaisha, kisha akamuuliza mwalimu, "Madam, hii inaendelea hivi kwa muda gani kabla inyamaze?" Kesho yake Ndila akarudi na swali lingine.

Nthenya mwenyewe alizaliwa umbali wa kilima kimoja kutoka hapo. Muziki aliujulia kanisani, kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu ili kivute upepo, akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliyemfundisha ni mzee wa kanisa aliyeitwa Mwangangi, ambaye kwake kulikuwa na kosa moja tu katika muziki, nalo ni kuacha pengo. "Usiniachie shimo hapo," angesema, akimbana kidole chini. Noti ishikiliwe mpaka ile nyingine iingie. Basi Nthenya akashikilia. Alishikilia kwenye ibada, kwenye harusi na kwenye mazishi, miaka thelathini. Hata alipokaa kwenye piano miguu yake ilikanyaga sakafu pole pole, ikitafuta upepo usiohitajika, na watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wakiinama chini ya madawati kucheka.

Jioni hiyo ya Jumanne alimwita Ndila kwenye chumba cha muziki. Akapanga karatasi tatu juu ya piano. Cha kwanza kilikuwa menueti, muziki wa kale wa taratibu, ukurasa mmoja, safi kama nguo iliyopigwa pasi. Cha pili kilikuwa machi nzito ya gwaride ambayo hakuna kati yao aliyeipenda. Cha tatu kilikuwa densi ya mbio, kurasa mbili, na noti zake nyeusi zilijaa kama siafu waliovurugiwa msafara.

Ndila aliinamia ile ya tatu, mdomo wazi kidogo.

"Hapana," alisema Nthenya. "Hiyo ni ya kuvunja watu shingo. Tazama hii ya kwanza. Ni tamu, inaenda pole, haina mtego wowote. Ngoja nikupigie."

Akaipiga, na ilikuwa tamu kweli. Alipomaliza alijisikia furaha, mashavu yamepata joto. "Si ndiyo hii?"

"Sawa, Madam," alisema Ndila.

Tatizo lilianza wiki ya kwanza, na wiki ya tatu lilikuwa halijaondoka. Mkono wa kulia wa Ndila uliimba. Wa kushoto ulikatika katika. Katika kila mstari wa menueti ile kulikuwa na noti ya besi ya kushikiliwa chini na kidole kidogo huku vidole vingine vikitembea juu yake, na kila mara, kabla ya wakati wake, noti ile ilikufa.

"Shikilia!" Nthenya alisema.

"Nashikilia, Madam."

"Hushikilii. Nasikia shimo."

Ndila alitoa mkono akautikisa chini ya kiti, mahali alipodhani mwalimu haoni. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kifupi na kimepinda kwa ndani. Alikiunguza akiwa anatambaa, alipoanguka kwenye moto wa jikoni, na kikapona hivyo. Hakikuwahi kumzuia kulima wala kukamua ng'ombe, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakukitaja, watu walisahau kama kipo. Nthenya naye alikuwa amesahau. Aliona tu mwanafunzi hodari aliyekuwa mzembe mahali pamoja, na jambo hilo lilimkera kama kokoto kwenye kiatu.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana, alikuwa kwenye chumba cha walimu na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mbele yake. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka ng'ambo ya uwanja ukaja mlio uliomfanya aache kutafuna. Ulikuwa unaruka. Ulipanda mbio, ukajikwaa, ukarudi nyuma, ukapanda tena, na chini yake besi ilikuwa ikidunda, ikitua hapa, ikirukia kule, kama mtoto anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Aliiacha sahani. Walimu wenzake walisimulia baadaye kwamba alitoka mbio na kijiko bado kiko mkononi.

Ndila alimwona mlangoni akaruka kutoka kwenye kiti. "Samahani, Madam. Nilikuwa nimemaliza ile menueti, nikasema nipumzike kidogo na hii."

"Umepumzika kwa muda gani?"

"Tangu Jumanne ile."

"Rudia."

"Madam?"

"Kaa chini, urudie."

Ndila alirudia. Alijua nusu ukurasa tu, na humo alikosea mara nne. Lakini Nthenya hakuwa akihesabu makosa. Alikuwa amesogea upande wa kushoto, ameinama, anatazama ule mkono. Kidole kilichopinda kiligonga noti ya chini na papo hapo kikaiacha, na mkono wote ukaruka juu kwenye noti nyingine. Hakukuwa na kushikilia. Densi ile haikutaka mkono unyooke. Ilitaka uruke, na mkono wa Ndila ulikuwa ukiruka kama uliozaliwa kwa kazi hiyo.

"Hebu nionyeshe mkono," alisema.

Ndila aliufungua juu ya vibao, vidole vimetanuliwa hadi mwisho. Nthenya akauweka wake kando. Wake ulifunika noti tisa bila taabu. Wa Ndila ulifika sita.

"Kwa nini hukuniambia?"

Msichana alitazama karatasi, akatazama dirisha. Halafu akasema, pole pole, kwa heshima, "Ulifurahi sana siku ile ulipoipiga. Lakini, Madam, ulinichagulia kipande cha mikono yako."

Nthenya aliketi kwenye benchi. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kiasi kwamba alitaka kucheka. Menueti ilikuwa rahisi kwa mtu aliyefunzwa na Mwangangi. Kwa Ndila ilikuwa ukuta. Na ile ya kuvunja shingo, ambayo aliiogopa hata kuijaribu, ilikuwa imemfungulia mtoto mlango. Kisha akakumbuka jambo lingine, na hilo akaona alitamke mara moja kabla hajapata nafasi ya kulificha.

"Ndila, mimi hicho kipande siwezi kukipiga."

"Najua, Madam."

"Unajua?"

"Sijawahi kukusikia ukipiga kitu cha mbio."

Wote wawili wakaangua kicheko, hata kengele ya darasa ilipolia hawakuisikia.

Fomu za mtihani zilikuwa zinatumwa Nairobi alasiri hiyo hiyo. Nthenya aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi. Muthoki, akamkuta analamba gundi ya bahasha.

"Usifunge!" alisema, halafu akakumbuka adabu. "Samahani, Bi. Muthoki. Nataka kubadilisha kipande cha Ndila."

Bi. Muthoki alikuwa mwanamke wa kuuliza maswali mafupi. "Hicho kingine umewahi kukifundisha?"

"Hapana."

"Unaweza kukipiga?"

"Hapana."

"Na mtoto anakijua?"

"Nusu ukurasa."

Mwalimu mkuu alivua miwani akamtazama vizuri. "Nusu ukurasa, na wewe unang'aa hivyo?"

"Ungekisikia, hata wewe ungeng'aa."

Bi. Muthoki alifikiri kidogo, akaichomoa fomu na kumsukumia kalamu. "Kata vizuri, usichafue. Na Oktoba usije hapa kulia."

Tangu hapo Nthenya alifika shuleni mapema kuliko watu wote. Alijifunza mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, akijiimbia do re mi kwa sauti ya chini, na alipojaribu kuiunganisha mikono ilikataana. Aliupata ukurasa wa kwanza mwezi wa Mei, pole pole. Ukurasa wa pili ulimshinda. Kufikia Juni Ndila alikuwa amemwacha mbali, na Nthenya akagundua kazi nyingine: kusikiliza. Alisimama nyuma akipiga makofi ya mapigo. Aliweza kusema, akiwa ameipa piano kisogo, ni kidole gani kimechelewa. Kulikuwa na mruko mmoja kwenye ukurasa wa pili, mrefu kuliko yote, ambao Ndila aliukosa kila siku ya tatu. Nthenya alimfundisha aurushe mkono akitazama ukutani, mara ishirini, mpaka mkono ukajua njia wenyewe.

Mtahini alikuja Oktoba, mwanaume mwembamba mwenye sweta, akafunga mlango. Walimu hawakuruhusiwa ndani. Nthenya alisimama kando ya tangi la maji, chini ya dirisha, akijifanya anaosha mikono. Alisikia skeli, noti zikipanda na kushuka kwa mpangilio. Akasikia ukimya. Halafu densi ikaanza, na ikaanza kwa mbio kuliko walivyokubaliana.

"Aiya, pole, pole," alinong'ona.

Lakini haikupungua. Ilipita ukurasa wa kwanza kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Ikafika kwenye ule mruko, na kidole kikatua kwenye noti ya jirani. Nthenya alifumba macho akingoja isimame. Haikusimama. Ilipita juu ya kosa lake ikaendelea kucheka mpaka mwisho, na pigo la mwisho likaanguka pale pale lilipotakiwa.

Ndila alitoka jasho likimtiririka. "Nimekosea moja, Madam!"

"Mbili."

"Mbili? Umesikia kutoka wapi?"

Nthenya alimkumbatia kwa mikono iliyolowa maji ya tangi, akamlowesha sare yote mgongoni.

Siku ya kufunga shule, Novemba, baba yake Ndila alikuja kuchukua sanduku la bintiye. Kiema alikuwa mkulima wa kahawa asiyekuwa na maneno mengi, na hakuwa ameiona piano tangu azaliwe. Aliomba aonyeshwe hicho kitu kilichomfanya mtoto apige vidole mezani likizo nzima. Ndila akaketi akampigia. Kiema alisimama na kofia kifuani mpaka mwisho.

"Kwani imekwisha?" aliuliza.

"Ni dakika mbili tu, baba."

"Basi rudia."

Akarudia, na baba akaomba tena, na tena, mpaka dereva wa pikapu iliyomleta akapiga honi langoni.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Ndila alikuwa amepata A- katika muziki, alama ya juu kuliko zote shuleni katika somo hilo. Muhula huo wasichana wanne waliandikisha majina yao kujifunza piano. Nthenya alizunguka na karatasi ya majina hayo siku nzima, akimwonyesha kila mwalimu aliyekutana naye, hata yule wa kilimo.